Vyama vya Mafundi wa Istanbul na Masala ya Bei

Ibn Battuta, msafiri yule aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, alipofika baadaye Antalya katika nchi ya Waturuki alijiwa na mtu mwenye nguo kuukuu, akamwalika chakula yeye na wenziwe. Ibn Battuta akaona vibaya kumtwisha maskini mzigo huo. Mwenyeji wake akacheka, akamwambia kuwa mshona viatu yule ni mkuu wa mafundi wapatao 200, waliojenga zawia ya kukirimu wageni, na wanachochuma mchana hukitumia pamoja usiku. Mkuu wao wakimwita akhi, na mwendo wao futuwwa, yaani uungwana wa vijana.

Istanbul ulipofunguliwa na Waislamu mwaka 1453, nyingi katika desturi hizo zikaonekana katika vyama vya mafundi wa mji huo. Mwanafunzi alikaa na bwana wake miaka, kisha akawa msaidizi, na siku ya kuwa fundi kamili alifungwa kitambaa kiunoni mbele ya wakuu. Mkuu wa chama alichaguliwa na mafundi wenyewe, akathibitishwa na kadhi. Lilikuwako sanduku la fedha la kumwuguza mgonjwa, kumkopesha asiye na mtaji na kumzika maskini. Kila chama kilijinasibisha na mzee wa kale: wahunzi na Nabii Daudi, vinyozi na Salman al-Farisi. Ama Daudi, Qur'ani imetaja kuwa alilainishiwa chuma. Hayo ya vinyozi sanadi yake siioni.

Masala yenye kutaka kutazamwa ni bei. Serikali, kwa shauri la kadhi na wakuu wa vyama, iliweka bei ya mkate na nyama, na muhtasibu akazunguka sokoni kukagua mizani. Nasi twajua kuwa Mtume (S.A.W.) alipoombwa na watu wa Madina awawekee bei alikataa, akichelea kumdhulumu mtu. Je, makadhi wale walikhalifu? Madhehebu ya Hanafi, yaliyofuatwa huko, yaliruhusu pindi wenye chakula wanapopindukia mpaka. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, alipambanua zaidi: bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, muuzaji halazimishwi, lakini ikiwa kuuza kumehusishwa na watu makhsusi, wengine wakazuiwa, kuwawekea bei ya haki ni wajibu. Hoja hii naiona ina nguvu, kwani chama ni watu waliojihusishia kazi.

Na humo ndimo ufisadi ulimoingia. Karne ya 18 haki ya kufanya kazi katika duka, iitwayo gedik, ikawa mali: ikauzwa, ikawekwa rahani, ikarithiwa. Msaidizi hodari asiye na gedik wala fedha ya kuinunua akabaki msaidizi. Watu husema vyama viliuawa na nguo za Uingereza baada ya mkataba wa mwaka 1838. Kweli nguo hizo ziliwaumiza wafumaji; lakini mlango walikuwa wameufunga wenyewe zamani, na walio nje hawakuwa na sababu ya kuwatetea. Gedik iliondolewa kwa sheria mwaka 1913. Katika soko kuu la Istanbul njia bado zaitwa kwa kazi zao, kama Kalpakçılar, njia ya watengeneza kofia.