Mteja akiuliza kuna kipya gani

Swali: Nina duka la vitabu na muziki. Wateja huingia wakiuliza, "Kuna kipya gani?" Nawaonyesha kila kitu, wanatoka mikono mitupu. Nakosea wapi?

Jibu: Usikimbilie rafu. Muulize kwanza kitabu cha mwisho alichokimaliza, si anachokipenda. Kwenye kupenda watu hujisifu kidogo. Akikutajia Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, njia umeshaipata: mwekee Siti of Unguja, albamu ya mwaka 2020 ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti huyo huyo aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Mwache asikilize wimbo mzima, nawe nyamaza. Wauzaji wengi huharibu hapo kwa maneno.

Anayetaka riwaya mpe Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Usimsimulie; mfungulie ukurasa wa kwanza asome mwenyewe. Kitabu kimoja, albamu moja, basi. Ukimrundikia vitano atakwambia "nitarudi", na huyo humwoni tena.