'Imethibitishwa na jarida la kimataifa': Uliza ni jarida gani, na mhariri wake ni nani

IKIWA unakwenda jimu mara kwa mara, au mwanao anakimbia katika timu ya shule, bila shaka umeiona mikebe ya unga wa protini na chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu. Mara nyingi utaambiwa kwamba bidhaa hiyo imethibitishwa na utafiti uliochapishwa katika jarida la kimataifa. Maneno hayo yanatosha kumfanya mtu atoe maelfu ya shilingi bila kuuliza swali lolote.

Kwa mwanariadha, hasara si ya pesa peke yake. Baadhi ya bidhaa hizi zimewahi kupatikana na dawa za kusisimua misuli ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko. Mwanariadha akipatikana nazo mwilini, kusema kwamba hakujua hakumwondolei lawama. Hiyo ndiyo kanuni inayofuatwa duniani, na hapa Kenya inasimamiwa na ADAK, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016.

Kwa hivyo ni vyema wewe msomaji ujue jarida la kisayansi ni kitu gani, linapimwa vipi, na ni nani anayelinda mlango wake.

Mlinzi wa mlango

Mtafiti anapomaliza kazi yake huandika ripoti na kuituma kwa jarida. Huko hupokelewa na mhariri mkuu au mmoja wa wasaidizi wake. Mhariri akiona kazi haifai, huirudisha mara moja. Akiona ina maana, huwapelekea wataalamu wawili au zaidi wa fani hiyo hiyo, ambao huisoma, huuliza maswali na kutoa maoni. Mara nyingi mwandishi hurudishiwa kazi airekebishe. Uamuzi wa mwisho ni wa mhariri.

Utaona basi kwamba mhariri mkuu ana uwezo mkubwa. Yeye ndiye anayechagua wahakiki, na ndiye anayeamua kama utafiti wa watu wachache mno utapita. Jarida zuri huchapisha waziwazi majina ya wahariri wake, vyuo wanakofanya kazi, na kama wana uhusiano wowote wa kifedha na makampuni.

Katika lishe ya michezo jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu utafiti mwingi hulipiwa na makampuni yanayouza bidhaa hizo hizo. Fedha za kampuni hazimaanishi kwamba matokeo ni ya uongo, lakini msomaji ana haki ya kuambiwa zilikotoka. Ikiwa mhariri mwenyewe analipwa na kampuni, anapaswa kumwachia mwenzake kazi inayohusu bidhaa za kampuni hiyo.

Alama ya jarida

Watu wengi hupima jarida kwa nambari inayoitwa kigezo cha athari. Wazo hilo lilitolewa mwaka wa 1955 na Mmarekani Eugene Garfield. Kuanzia 1975, taasisi yake ya Philadelphia ilikuwa ikitoa orodha ya alama hizo kila mwaka. Siku hizi orodha hiyo hutolewa na kampuni ya Clarivate.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme jarida lilichapisha makala 100 katika miaka ya 2022 na 2023. Halafu, katika mwaka wa 2024, watafiti wengine walizitaja makala hizo mara 300 katika kazi zao. Gawanya 300 kwa 100, upate 3. Hiyo ndiyo alama ya jarida kwa mwaka wa 2024.

Sasa tazama mtego uliopo. Huenda makala moja tu ilitajwa mara 200, na zile 99 zilizosalia zikagawana mara 100. Kila moja ya hizo 99 imetajwa kama mara moja tu, lakini zote zinajivunia alama ya 3. Ni kama darasa ambalo mwanafunzi mmoja hodari anapandisha wastani wa wote. Ukimchukua mwanafunzi yeyote humo, wastani haukuambii yeye alipata ngapi.

Mitego mingine ipo. Makala inayokusanya na kupima tafiti za wengine hutajwa zaidi kuliko utafiti mmoja mpya, kwa hivyo jarida linalochapisha makala nyingi za namna hiyo hupanda. Makala iliyotajwa ili kukosolewa nayo huhesabiwa sawa na iliyosifiwa. Yako pia majarida yaliyowahi kuondolewa katika orodha kwa sababu ya kujitaja yenyewe kupita kiasi. Aidha, fani ndogo kama lishe ya michezo haiwezi kulinganishwa na utafiti wa saratani, wenye maelfu kwa maelfu ya watafiti wanaotajana.

Mtafiti naye ana alama yake, iliyobuniwa mwaka wa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtu mwenye alama ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20. Alama hii humpendelea aliyefanya kazi miaka mingi, wala haisemi kama alikuwa sahihi.

Kwa sababu hizo, mwaka wa 2013 wanasayansi na wahariri walitoa Azimio la San Francisco, wakitaka alama ya jarida isitumiwe kupimia ubora wa makala moja au wa mtafiti mmoja.

Wakimbiaji wetu na ugali

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwaka wa 2004 jarida liitwalo International Journal of Sport Nutrition and Exercise Metabolism lilichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji wa Kenya. Miongoni mwa waandishi walikuwemo Vincent Onywera na Mike Boit wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huyu ndiye Boit aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972.

Waliandika kila kilicholiwa na wakimbiaji 10 hodari kwa siku 7. Asilimia 76.5 ya nguvu za chakula chao ilitokana na wanga, asilimia 13.4 mafuta na asilimia 10.1 protini. Ugali peke yake ulitoa asilimia 23, na sukari asilimia 20. Kiasi cha protini kilikuwa gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na watafiti waliona kinatosha.

Habari hii inamgusa kila mzazi anayedhani mwanao hawezi kukimbia bila unga wa mkebe. Hata hivyo, isome kwa makini. Waliopimwa ni watu 10, kwa wiki moja, nao walikuwa wakimbiaji wa mbio ndefu. Haikuambii chochote kuhusu mnyanyua vyuma au kijana wa raga. Tena chakula walichokula kilionekana kuwa pungufu kuliko nguvu walizotumia, takriban kalori 2,987 dhidi ya 3,605 kwa siku. Mwaka wa 2006 utafiti mwingine wa wakimbiaji 9, uliotumia njia bora zaidi ya kupima nguvu, ulipata pengo kama hilo. Matokeo yanapojirudia hivyo, tunayaamini zaidi. Mambo haya yote huwezi kuyajua kwa kutazama alama ya jarida. Ni lazima uifungue makala yenyewe.

Chokoleti iliyopunguza unene

Mwaka wa 2015 mwandishi wa habari John Bohannon na wenzake walitaka kuonyesha jinsi habari mbovu za lishe zinavyosambaa. Nchini Ujerumani walikusanya watu 16, wakawagawa katika makundi, kundi moja likila chokoleti kila siku. Walipima mambo 18 kwa watu hao wachache, na ukipima mambo mengi hivyo, ni vigumu mojawapo lisionekane kuwa na maana kwa bahati tu. Lililojitokeza ni kwamba wala chokoleti walipungua uzito haraka zaidi. Jarida moja lilikubali makala hiyo kwa ada ya euro 600, na magazeti ya nchi nyingi yakatangaza habari hizo njema. Baadaye Bohannon alifichua kwamba ulikuwa mtego.

Miaka miwili kabla ya hapo, alikuwa ametuma makala bandia yenye makosa ya wazi kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali.

Usidhani basi kwamba kila jarida linalotoza ada ni la ulaghai. Majarida mengi yenye heshima humtoza mwandishi ili wewe usome bure. Tofauti ni kwamba jarida bora hukataa kazi mbaya hata kama ada ipo mezani.

Maswali ya kuuliza

Ukitajiwa utafiti dukani au jimu, uliza hivi:

1. Jarida linaitwaje, na makala ilitoka mwaka gani? Muuzaji asipoweza kukutajia, weka pesa zako mfukoni.

2. Mhariri mkuu ni nani? Je, chuo anachosemekana kufanya kazi kinamtambua? Majarida ya ulaghai hutumia majina ya wasomi bila idhini yao.

3. Alama inayotajwa imetoka wapi? Yako makampuni yanayouza alama zenye majina yanayofanana na ile halisi.

4. Walipimwa watu wangapi, kwa muda gani, na wanafanana nawe?

5. Nani alilipia utafiti huo?

6. Je, watafiti wengine wamepata matokeo hayo hayo?

Usione kwamba unasumbua watu. Mwaka wa 2012 watafiti wa Uingereza walichunguza madai 431 yaliyotolewa kuhusu bidhaa 104 za michezo. Zaidi ya nusu ya tovuti zilizotoa madai hayo hazikutaja utafiti wowote. Kati ya tafiti 74 walizoweza kuzipima, ni 3 tu zilizokuwa za hali ya juu na zenye uwezekano mdogo wa kupotosha.

Makala nyingi zinaweza kutafutwa bila malipo katika PubMed, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Angalau muhtasari wake utaupata. Ukikwama, mpelekee daktari au mtaalamu wa lishe katika hospitali iliyo karibu nawe akusomee. Na ikiwa mwanao yuko katika mashindano, asinywe wala kumeza chochote cha mkebe kabla ya kumwuliza mtu ambaye hapati faida kutokana na mauzo yake.