Bwana, Bibi na Majitu ya Chuma

Leo tuzungumze juu ya malalamiko ambayo zamani hayakusikika sana nyumbani mwetu. Tulizoea kusikia habari za pombe, za mashemeji na za mshahara unaoishia njiani. Siku hizi yuko bibi atakayesema hivi: "Bwanangu hanywi, hatembei ovyo, saa moja jioni ameshafika. Lakini hayupo." Ukimwuliza yuko wapi, atakujibu kuwa yuko sebuleni, amevaa visikizi masikioni, anapigana na majitu ya chuma ndani ya kompyuta.

Tuwachukue wawili wa namna hiyo kuwa mfano wetu. Wameoana miaka kumi na minne, wana watoto watatu, na wa kwanza yuko shule ya bweni. Mchezo ambao bwana huucheza unaitwa MechWarrior 5: Mercenaries. Bibi huuita "hayo makatuni yako", na kila akilitamka neno hilo bwana hugeuza uso akanyamaza. Hapo pana kosa, na si la bwana. Mtu hawezi kulitolea hukumu jambo ambalo hajaliangalia hata dakika kumi. Basi tuliangalie.

Majitu hayo yalianzia mezani. Mwaka 1984 kampuni ya FASA ya Chicago, Marekani, ilitoa mchezo wa ubao na kete ambao baadaye ulijulikana kwa jina la BattleTech. Mwaka 1989 ukatolewa mchezo wa kompyuta ulioitwa MechWarrior, na ule wa pili, wa mwaka 1995, uliwanasa vijana wengi. Huu anaoucheza bwana wetu ulitolewa mwaka 2019 na Piranha Games ya Vancouver, Kanada. Hesabu mwenyewe: aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1995 leo ni mzee wa nyumba, mwenye mvi mbili tatu. Kwa hivyo, mama, usidhani mumeo amerukwa na akili au amerudia utoto.

Hadithi yake ni ya karne ya 31. Kijana anarithi kikosi cha askari wa kukodiwa baada ya baba yake kuuawa, naye hana budi kukiongoza. Askari hao huendesha majitu ya chuma yenye miguu, madogo yakiwa na uzito wa tani 20 na makubwa tani 100. Miguu huweza kwenda upande huu huku kiwiliwili kimegeukia upande ule, na rubani lazima aangalie pande zote mbili. Tena kila silaha ikifyatuliwa huongeza joto. Joto likizidi kiasi mtambo hujizima, na jitu zima husimama katikati ya maadui kama mlingoti. (Wako waume ambao hujizima vivyo hivyo wakiulizwa habari za mshahara, lakini hilo tuliache kwa leo.)

Lakini mimi nikiutazama mchezo huu, sioni kuwa vita ndivyo sehemu yake kubwa. Kubwa ni daftari. Kabla ya kukubali kazi, kiongozi wa kikosi hupatana na mwajiri: je, fedha taslimu ziongezwe, au apewe sehemu kubwa zaidi ya vyuma vitakavyookotwa, au mwajiri alipie hasara? Hawezi kuyapata yote. Baada ya vita, mkono wa jitu ukiwa umekatika, matengenezo hula fedha na hula siku. Rubani aliyejeruhiwa hupumzishwa. Marubani wana mishahara yao, na majitu yenyewe yana gharama hata yakiwa yamekaa tu, kiasi kwamba mwenye busara huyaweka ghalani yale asiyoyatumia ili apunguze matumizi. Kikosi kikiishiwa fedha, kimekwisha.

Sasa sikilizeni yaliyowapata wawili wetu. Mwezi wa nne bwana aliona kompyuta yake inakwama kwama, picha hazitembei vizuri. Akanunua kadi mpya ya picha kwa shilingi elfu thelathini na tano. Fedha hizo zilikuwa sehemu ya karo ya muhula wa pili. Alikuwa akitazamia malipo fulani ya kazini ambayo angezirudishia kabla mtu hajajua. Malipo hayakuja. Shule zilipofunguliwa kifungua mimba akarudishwa nyumbani kwa ajili ya salio, akakaa wiki nzima, na bibi akaijua habari hiyo kutoka kwa mtoto, si kwa mumewe. Usiku huo alihamia chumba cha watoto.

Bwana alipoulizwa sababu alisema, "Ni kadi tu." Hapana, Baba Watoto. Kununua kadi si dhambi, wala kucheza si dhambi. Lakini mtu huyu hajawahi, hata siku moja, kukubali kazi katika mchezo wake bila kwanza kuhesabu mishahara ya marubani wasiokuwako. Anajua jitu lipi limekaa ghalani na kwa nini. Kisha kwa watu wa kweli, mmoja akiwa na sanduku la bati na sare, alibahatisha, akaficha. Kilichomhamisha bibi ni huko kufichwa. Elfu thelathini na tano zingeweza kukopwa kwenye chama, na mwishowe ndivyo zilivyopatikana, naye bibi ndiye aliyekwenda kuziomba mbele ya wenzake huku akitafuta maneno ya kumsitiri mumewe. Jambo hilo bwana hakulifikiria hata kidogo mpaka alipoambiwa.

Kwa upande wa bibi nako kulikuwa na neno. Alikuwa na desturi ya kumwita bwana wakati wowote: njoo ubebe mtungi wa gesi, njoo umwone mtoto, njoo tuongee. Bwana hujibu, "Ngoja kidogo," na hiyo kidogo huwa nusu saa. Bibi huchukulia kuwa amedharauliwa. Ukweli ni kwamba kazi moja katika mchezo huu huitwa misheni (si misheni ya mapadre!), nayo ukiianza huwezi kuiweka akiba katikati. Ukitoka, yote uliyofanya yamepotea. Akiwa peke yake anaweza kuusimamisha mchezo kwa muda, akainuka, akabeba mtungi, akarudi. Hilo bwana alilijua fika ila hakulisema, kwa kuwa "ngoja" ilimfaa. Lakini akicheza pamoja na wenzake kwa njia ya intaneti, kwani watu hadi wanne huweza kuunda kikosi kimoja, hapo hauwezi kusimamishwa. Wetu huyu hucheza hivyo na kaka yake aliye Mombasa, na hayo ndiyo maongezi pekee waliyo nayo ndugu hawa wawili kwa mwezi. Bibi hakujua kama ni shemejiye anayesikika mle ndani akicheka.

Nusu ya magomvi yao, basi, ilitokana na jambo ambalo lingeelezwa kwa sentensi mbili. Walipokaa kitako wakakubaliana kwamba mambo husemwa kabla misheni haijaanza, wala si katikati. Siku za kazi ni misheni mbili, watoto wakiwa wamelala. Usiku wa kaka hutangazwa mapema, kama vile mtu anavyotangaza mgeni. Jumamosi usiku kompyuta huzimwa saa nne, maana Misa ya kwanza haimngoji mtu. Na kitu chochote cha kununuliwa kwa ajili ya kompyuta huandikwa katika daftari la nyumbani, wote wawili wakiwa wamekiona.

Wako wanaoshauri kwamba mke naye ajifunze kucheza. Sikubaliani nao sana. Asiyependa jambo akilazimishwa, huishia kulichukia mara mbili. Ila kuketi kando ya mwenzako kwa misheni moja, ukauliza maswali, hakumchoshi mtu. Bibi wetu aliketi. Vita havikumvutia. Lakini ukurasa wa matumizi ulipofunguliwa, mama huyu ambaye ameendesha kibanda cha mboga miaka minane alivuta kiti karibu, akauliza kwa nini kikosi kinalisha majitu mawili yasiyofanya kazi.

Ninyi mnaosoma pamoja, jioni ya leo jaribuni hivyo hivyo. Bwana, mwonyeshe mkeo ukurasa huo wa mchezo wako, kisha leta daftari la nyumbani uliweke kando yake, mezani, taa ikiwa inawaka. Bibi, usianze na karo. Mwulize kwanza kaka yake wa Mombasa hajambo.