RANGI KATIKA PROGRAMU ZA MUZIKI: NI PAMBO AU NI HAJA?

Wale mliohudhuria mkutano wa Chama siku ile ya mjadala mtakumbuka kwamba mimi nilisimama upande wa wapinzani, na upande wetu ukashinda. Mada ilikuwa kwamba programu za muziki zapaswa kumpa mtumiaji uhuru wa kubadili rangi za skrini na kutumia mandhari meusi. Nilipopewa nafasi sikusema mengi. "Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "ngoma husikizwa, haitazamwi. Anayetaka rangi aende akapake nyumba!" Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi, na watetezi hawakuinuka tena. Nilitoka pale nikitembea kama jogoo.

Leo nimeshika kalamu kuyakana maneno hayo. Si yote, lakini mengi. Walionigeuza ni watu wawili: kakangu, ambaye hurekodi muziki, na kijana mmoja wa Chama hiki hiki ambaye sitamtaja jina, ingawa amesoma makala haya kabla yenu na kuyaruhusu.

Kwanza tuelewane. Mandhari meusi ni pale ambapo skrini nzima inakuwa nyeusi au kijivu kizito, na maandishi pamoja na mawimbi ya sauti yanang'aa juu yake. Mandhari meupe ni kinyume chake, kama karatasi na wino. Wengi hudhani weusi huu ni mtindo wa vijana wa leo. Sivyo. Kompyuta nyingi za zamani zilionyesha herufi za kijani au nyeupe juu ya skrini nyeusi. Skrini nyeupe inayofanana na karatasi ilienea baadaye, hasa kuanzia miaka ya themanini, kompyuta ya Macintosh ilipouzwa mwaka 1984. Kwa hiyo tunaoliita jipya ni la kale lililorudi, na lilirudi kwa kishindo: simu za Android na za iPhone zote zilipata mandhari meusi ya mfumo mzima mwaka 2019.

Sasa twende kwa kakangu. Ana chumba kidogo cha kurekodia hapa Kimumu, nyuma ya maduka, si mbali na barabara ya Iten. Kutani ametundika blanketi kuukuu ili sauti isirudi rudi. Wanaokuja kwake ni kwaya za makanisa, waimbaji wa harusi, na siku hizi hata vijana wa kufokafoka. Mchana hapafai kabisa. Matatu zinapiga honi, pikipiki zinapita, na mashine ya kusaga unga inanguruma mpaka magharibi. Kwa hivyo kazi huanza saa tatu usiku na huweza kufika saa nane, kwenye baridi hii yetu ambayo nyote mwaijua. Isitoshe, hata taa haiwashi. Ile taa ndefu ya mrija huvuma, mmmm, na kipaza sauti husikia uvumi huo kuliko masikio yetu. Basi anazima taa na kukaa gizani na laptopu yake.

Nilipoenda kumsaidia likizo ya Aprili ndipo nilipoonja. Skrini nyeupe katika chumba cheusi ni kama kukutana na lori usiku likiwa limewasha taa zote. Baada ya saa moja nilikuwa nalia machozi, wala si kwa sababu ya wimbo. Sababu yake ni hii. Mboni ya jicho hupanuka gizani ili kupokea mwanga mwingi, na hujibana penye mwanga mkali. Ukitazama skrini nyeupe, kisha ukamtazama mwimbaji aliyesimama gizani umpe ishara ya kuanza, kisha ukarudi kwenye skrini, jicho halipati nafasi ya kuzoea hapa wala pale. Mwanahesabu anayefanya hesabu zake ofisini chini ya taa hana shida hii. Fundi wa sauti anayo, na mcheza muziki jukwaani vilevile, kwa maana kazi zao hufanyika gizani kwa desturi. Hapa ndipo msemo wangu wa "ngoma haitazamwi" ulipoanza kupata nyufa. Ni kweli msikilizaji haitazami. Fundi huitazama usiku kucha.

Hata hivyo, wapenzi wa mandhari meusi wasishangilie mapema. Wanaodai kwamba weusi ni dawa ya macho wanatia chumvi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio yao wakionyesha kwamba vijana na wazee wote walisoma na kugundua makosa vyema zaidi katika maandishi meusi juu ya weupe. Maelezo yao ni mboni ile ile: penye weupe mwingi inajibana, na mboni iliyojibana huleta picha kali zaidi, kama vile tundu dogo la kamera. Tena kuna watu ambao umbo la mbele ya jicho lao halikukaa sawa. Hawa wakiona maandishi meupe juu ya weusi huyaona yamevimba na kutapakaa. Kuwalazimisha hao watumie mandhari meusi ni kuwaonea.

Na kuna jua. Siku moja tulirekodi kwaya ya akina mama chini ya mkaratusi, saa sita mchana. Kakangu alikuwa amesahau kurudisha rangi za mchana. Nawaambieni, skrini ilikuwa kioo cha kujitazamia! Niliona uso wangu, matawi, na shingo ya mbuzi aliyekuwa nyuma yangu, lakini wimbi la sauti sikuliona ng'o. Tulibadili hadi weupe, tukaongeza mwangaza, kazi ikaendelea.

Kuhusu stima, nako kuna imani moja inayohitaji kusahihishwa. Zikipotea, kakangu huendelea na betri, na aliamini kwamba weusi unaipunguzia mzigo. Jibu linategemea aina ya skrini. Ziko skrini ambazo kila nukta hujitolea mwanga wake yenyewe, ziitwazo OLED. Katika hizo nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa, na kweli nguvu huokolewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima simu za namna hiyo mwaka 2021. Mwangaza ukiwa juu kabisa, weusi uliokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47. Lakini mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, ambako wengi wetu huuweka ndani ya nyumba, uliokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Laptopu ya kakangu ni ya aina ya zamani, LCD, ambayo ina taa moja nyuma ya skrini nzima. Taa hiyo huwaka tu, uwe umeweka weusi au weupe. Nilimwambia apunguze mwangaza badala ya kubadili rangi. Hakunijibu, lakini niliona amepunguza.

Kufikia hapo nilikuwa nimekubali nusu. Nusu iliyobaki ilimalizwa na yule mwenzangu.

Muhula wa kwanza Chama kilirekodi ngonjera na nyimbo mbili, na yeye alijitolea kukaa kwenye kompyuta. Ni kijana mwenye sikio. Akisikia sauti ya tatu imeshuka hata unywele, atakunja uso. Tulirekodi mara moja, kila mtu akatoa roho yake, hasa yule dada aliyeongoza, ambaye wiki iliyofuata alihamia shule nyingine. Tuliposikiliza, beti zote za mwisho zilikuwa zinakwaruza: krrr, krrr. Sauti zilikuwa zimepasuka.

Kwa wasiojua, nieleze. Kompyuta huhifadhi sauti kama tarakimu, na tarakimu hizo zina dari. Dari inaitwa sifuri desibeli, ndiyo maana kipimo husomwa kwa hasi: hasi 20, hasi 12, hasi 6, hadi sifuri. Wimbi likitaka kupita dari, kichwa chake hukatwa kama ua wa michongoma uliopitishwa panga. Kilichokatwa hakirudi kilivyokuwa. Ili kumwonya fundi, kipimo huwa kijani sauti ikiwa salama, manjano ikikaribia, na nyekundu ikigonga dari.

"Kwani ulikuwa wapi?" tulimfokea. "Si ilikuwa nyekundu tupu!"

"Sikuiona," alisema. Tukacheka. Sote tulidhani alikuwa anasinzia. Tangu siku hiyo hakugusa kompyuta ya Chama tena, nasi hatukumuuliza.

Baada ya mjadala wa muhula wa pili, ule niliotamba, alinikuta kwenye foleni ya githeri. Alinieleza kwa sauti ndogo kwamba kwake nyekundu na kijani ni ndugu mapacha. Nyumbani akitumwa nyanya mbivu huzibonyeza kwa kidole, hazichagui kwa macho. Kipimo kile kwake kilikuwa na rangi moja ya matope mwanzo hadi mwisho. Siku ya mjadala alikuwa ameketi benchi la tatu. Wengine walipopiga makofi yeye hakupiga, na mimi niliona, nikadhani ni wivu.

Enyi wa kidato cha nne, upofu wa rangi mtaukuta katika somo la Biolojia, kwenye urithi unaofuata kromosomu ya X. Ndiyo sababu wavulana wana hali hii kuliko wasichana. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni kama 1 kati ya 12, na wanawake 1 kati ya 200. Kwetu Afrika wanaoupata kwa kawaida ni wachache kuliko hao, lakini wapo. Hata John Dalton, yule yule wa nadharia ya atomu mnayemsoma katika Kemia, alikuwa nao, na mwaka 1794 alisoma mbele ya wasomi wa Manchester maelezo ya macho yake mwenyewe.

Likizo ya Agosti nilimpeleka kwa kakangu. Programu tuliyotumia shuleni haikuwa na mahali pa kubadili rangi za kipimo, lakini nyingine aliyokuwa nayo kakangu ilikuwa napo. Tuliweka samawati kwa salama na manjano kwa hatari, juu ya kijivu. Alitazama, akaimba kwa nguvu mbele ya kipaza sauti, akatazama tena. "Kumbe huwa kinabadilika!" alisema.

Nikaona haya, wallahi.

Basi je, hoja zangu zote za mjadala zilikuwa bure? La hasha. Moja bado naishikilia. Shuleni kompyuta moja hutumiwa na watu wengi. Mwalimu akisema, "Bonyeza kitufe chekundu," na wa jana alikibadilisha kuwa zambarau, darasa litapotea. Uhuru usio na mpaka utatuletea skrini za ajabu ajabu ambazo hata mwenyewe hawezi kuzisoma. Kwa hiyo naona inafaa ziwepo rangi chache zilizopangwa tayari na kujaribiwa, na kitufe kimoja cha kurudisha zote zilivyokuwa mwanzo. Anayetaka kuchanganya zake apewe nafasi, lakini ndani zaidi, mahali ambapo hatafika mtu kwa bahati mbaya.

Jambo hili linawezekana, tena kwa programu zisizouzwa. Audacity, ya bure, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ilipata mandhari manne katika toleo la 2.2.0 la mwaka 2017, mojawapo likiwa la rangi zinazoachana sana kwa wenye macho dhaifu. MuseScore ya kuandikia nota, ambayo pia ni ya bure, nayo ina weupe, weusi na rangi za kuachana sana. FL Studio, iliyoanza Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ilileta mandhari ya kuchagua katika toleo la 21, mwishoni mwa 2022. Yaani miaka ishirini na mitano! Sasa mwaona kwamba waliosema ni pambo tu hawakuwa mimi peke yangu.

Lakini rangi peke yake haitoshi, hata ikibadilishwa. Mwaka 2008 shirika la W3C, linalotunga kanuni za intaneti, lilitoa toleo la 2.0 la kanuni zake za kuwasaidia wenye ulemavu. Mlikuwa na mbili zinazotuhusu. Ya kwanza: maandishi ya kawaida yaachane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Ya pili: rangi isiwe njia ya pekee ya kumpa mtu habari. Zilitungwa kwa ajili ya kurasa za intaneti, ila mimi nazitaka hata katika kipimo cha sauti. Kikigonga dari, kiandike namba. Kitoe alama, hata nyota. Hapo mwenye macho yoyote, juani au gizani, atajua.

Tumeamua kuirekodi ile ngonjera upya kwa ajili ya siku ya wazazi, kwa sauti ya dada mwingine. Mwenye kukaa kwenye kompyuta ni yule yule wa muhula wa kwanza. Kakangu ametuazima laptopu pamoja na blanketi mbili. Mimi nimepewa kazi ya kushika waya na kuwanyamazisha watu wa mlangoni.