Siku Kumi za Danieli na Sahani ya Mama

Maandiko ya kusoma: Danieli 1:8–16; Waefeso 5:28–29

Somo hili nililifundisha Jumapili, na wengi mkaomba liandikwe, hasa zile njia za mwisho. Nimeliandika vile lilivyotoka, na aibu yangu ikiwa ndani yake.

Januari, kama desturi yetu, tuliingia mfungo wa Danieli, siku 21. Hakuna nyama, hakuna soda, hakuna chai ya maziwa. Mwezi ule nilikula mboga kuliko mwaka mzima uliopita. Mke wangu hakufunga kwa sababu ni mjamzito. Mapema Februari nikamsindikiza kliniki. Muuguzi akampima damu, akasoma ile karatasi, kisha akaniangalia mimi. Damu ilikuwa 9.4. Mama mjamzito akiwa chini ya 11 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu.

"Pasta, mama anakula mboga?"

"Anakula sana," nikajibu upesi. "Kwetu mboga hazikosi."

Muuguzi akamgeukia mke wangu. "Mama, jana wewe mwenyewe ulikula mboga kiasi gani?"

Mke wangu akainamisha kichwa. "Jana zilikuwa kidogo. Nilimpakulia baba na watoto."

"Na juzi?"

"Juzi pia."

Kumbe! Mtumishi wa Mungu amefunga, kwa hiyo mboga zote zinakuja kwenye sahani yangu. Watoto wawili wanapata kijiko kijiko. Na yule anayebeba mtoto tumboni, aliyezichuma, akazikata na kuzipika, anamalizia ugali kwa mchuzi uliobaki kwenye sufuria. Mimi naomba mbinguni pafunguke, na nyumbani kwangu mtu amefungwa pale pale mezani. Njiani kurudi Munje sikusema neno.

Hesabu hazidanganyi

Kabla ya kuingia utumishi nilisomea biashara, na ugonjwa wa kuandika matumizi haujaniisha. Usiku ule nikafungua daftari la nyumba, nikajumlisha siku 30. Chakula chote: shilingi 13,400. Soda, chipsi na mandazi: shilingi 2,150. Mboga za majani: shilingi 620. Yaani kama shilingi 20 kwa siku, kwa watu wanne. Katika kila shilingi 100 za chakula, mboga hazikufikisha 5. Vitu vya kupitisha muda vilikula zaidi ya mara tatu ya pesa za mboga.

Nimefundisha hapa mara nyingi kwamba ukitaka kujua moyo wa mtu uko wapi, angalia pesa zake zinaenda wapi. Siku hiyo fundisho lilirudi kwa mwalimu.

Danieli alifanya nini hasa?

Tuwe waangalifu na Neno. Danieli hakuwa mtaalamu wa lishe. Alikataa chakula cha mfalme kwa sababu hakutaka kujitia unajisi. Na wenye Biblia ya Union mmeona imeandikwa mtama, wakati tafsiri mpya zinasema mboga. Neno la Kiebrania linahusu vitu vinavyopandwa kwa mbegu, kwa hiyo nafaka, jamii ya kunde na mboga zote zaweza kuingia hapo. Tusilifanye andiko hili kuwa sheria ya mapishi.

Lakini angalieni njia aliyotumia. Hakugombana na msimamizi. Aliomba kwa heshima, akaomba jaribio dogo lenye mwisho, siku 10, na akakubali matokeo yapimwe mbele ya macho ya watu. Mabadiliko mengi ya nyumbani hufa kwa sababu tunaanza na kiapo cha milele. Danieli alianza na siku 10. Amina?

Ndugu mmoja alinifuata baada ya ibada akicheka. "Pasta, si Warumi 14:2 inasema mla mboga ni dhaifu?" Nikamwambia aendelee mpaka mstari wa 3. Paulo anazungumzia dhamiri, na anakataza wale wawili wasidharauliane. Hakuna mahali amesema sukuma inapunguza upako.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Zigawe mara tano, kila fungu gramu 80, ambayo ni kama vijiko vitatu vikubwa vya mboga iliyopikwa. Viazi na muhogo havihesabiwi hapo, hivyo viko upande wa ugali na wali. Na sisi wa Pwani tuna mtego wetu: ukiuliza, "Leo mboga ni nini?" waweza kujibiwa, "Mboga ni samaki." Samaki ni baraka, ila hapa nazungumzia majani, bamia, biringani, boga, nyanya na karoti.

Njia nyepesi tulizojaribu nyumbani

1. Badilisha mpangilio wa kupakua. Weka mboga kwanza, zifike nusu ya sahani, ndipo ugali au wali utafute nafasi iliyobaki. Ukianza na ugali, mboga hugeuka pambo. Na mama asipakuliwe mwisho, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha. Kwetu siku hizi napakua mimi, na sahani yake ndiyo ya kwanza.

2. Ongeza kwenye kile unachopika tayari. Usitafute mapishi mapya. Maharagwe yakikaribia kuiva, tia fungu la mchicha. Mayai ya asubuhi, katia nyanya, kitunguu, hoho na majani kidogo. Samaki wa nazi, mwekee bamia na biringani. Boga lililopondwa hukandwa na unga wa chapati, na watoto wanakula bila kesi.

3. Kachumbari kila siku, isingoje pilau. Nyanya, kitunguu, kabeji au karoti, kamulia ndimu. Vitamini C iliyo kwenye ndimu na nyanya husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Kwa sababu kachumbari haipikwi, osha mikono, kisu na mboga kwa maji safi.

4. Usiziue kwa moto. Osha mboga kabla ya kukata, pika muda mfupi, na usimwage maji yake ovyo, kwa sababu baadhi ya vitamini hupotelea humo. Kisamvu ndicho chenye sheria tofauti: majani ya muhogo yana sumu ya asili, kwa hiyo lazima yatwangwe vizuri na yachemshwe sana sufuria ikiwa wazi. Hapo usifanye haraka.

5. Usiione nazi kama adui. Tui kiasi, au mafuta kidogo, husaidia mwili kufyonza vitamini A ya mchicha, boga na karoti. Nimesema kiasi. Mboga isiogelee.

6. Chai isubiri. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungechukua. Ipe kama saa moja. Hili lilinigusa, maana kwetu chai na chakula cha jioni walikuwa mapacha.

7. Kumbuka mboga za nyumbani. Mvua zikinyesha, mchunga, mnavu na majani ya kunde yako karibu nasi, na mengine hayauzwi hata shilingi. Tumeyaita chakula cha shida, tukakimbilia chipsi. Mchunga ukikushinda uchungu, uchanganye na mchicha, upike kwa nazi. Mronge ulio kwenye ua wako pia ni mboga, chuma majani machanga. Kama huyajui majani vizuri, nenda na mama anayeyajua. Usichume kwa imani tu.

8. Panda gunia moja. Ahabu alililia shamba la Nabothi alifanye bustani ya mboga (1 Wafalme 21:2), na tunajua mwisho wake. Wewe huhitaji shamba la mtu. Chukua gunia, jaza udongo uliochanganywa na samadi, kwa sababu mchanga wetu ni mwepesi, panga mawe katikati ili maji yashuke, toboa pembeni upachike miche. Mwagilia kwa maji ya kuoshea mboga, yasiwe na sabuni. Mchicha waanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Sukuma inahitaji subira zaidi.

9. Walio kazini, ombeni. Wa boda, wa hotelini, wa baharini, wengi mnakula kibandani. Sema tu, "Mama, punguza ugali, ongeza mboga." Danieli aliomba katika jumba la mfalme. Wewe utashindwa kuomba kibandani?

Pesa zilitoka wapi?

Mwezi uliofuata mboga zilipata shilingi 1,500, na soda na chipsi zikabaki na 1,270. Jumla ni ile ile 2,770. Bajeti haikuongezeka hata shilingi moja. Tulihamisha tu. Najua ziko nyumba hapa ambazo hazina soda ya kupunguza, na siwezi kuwahubiria kana kwamba zinayo. Kwa hao, gunia na mboga za mvua ndizo njia ya kuanzia. Na sisi wengine, tukivuna mchicha uliozidi, tusisubiri unyauke. Jirani yupo.

Imani na vidonge

Dada mmoja aliniuliza kama kumeza vidonge si kukosa imani. Muuguzi alimpa mke wangu vidonge vya madini ya chuma na foliki, na anavimeza kila siku. Mboga hazichukui nafasi ya vidonge, na vidonge havichukui nafasi ya maombi. Ninapomwekea mkono na kumwombea, kisha nikamkumbusha kidonge chake na kumpakulia mchicha, sioni kama nimemdharau Mungu mahali popote. Pia, kama daktari amekupa masharti ya chakula, mfano kwa ugonjwa wa figo, fuata hayo kwanza.

Tulianza na siku 10, kama Danieli. Siku ya nne mtoto wetu mkubwa aligoma, akasema yeye si mbuzi. Tulicheka, lakini sahani haikubadilika. Siku ya kumi tukakubaliana kuongeza kumi nyingine. Hatujaacha.

Kipimo cha mwisho, mwezi huu wa Aprili, damu ya mke wangu ilikuwa 10.8. Bado haijafika 11. Sitasimama madhabahuni niseme mboga zimetenda muujiza, kwa sababu vidonge vimo, na maombi yenu yamo. Naweza kusema tu kwamba hajala tena ugali kwa mchuzi mtupu, na kwamba zimebaki wiki chache mtoto azaliwe. Endeleeni kutuombea.

Paulo anawaambia waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe, na anataja waziwazi kulisha na kutunza. Nimeifungishia harusi Waefeso 5 mara nyingi. Kumbe ilikuwa inangoja kwenye sahani.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Nyumbani kwenu, nani hupakuliwa mwisho? Kwa nini?
2. Andikeni matumizi ya chakula ya siku 7. Mboga zilipata ngapi?
3. Someni Mithali 15:17. Je, upendo na chakula vinakutana wapi katika nyumba zetu?
4. Chagueni njia moja kati ya zile tisa, mwijaribu siku 10, kisha mlete ushuhuda.

Ombi

Baba, asante kwa udongo wa Munje na mvua unayoileta. Tusamehe kwa kula tukiwasahau wanaotupikia. Wape nguvu akina mama wajawazito wa kanisa hili, walinde watoto walio tumboni, na utupe hekima ya kugawa kidogo tulicho nacho kwa haki. Katika jina la Yesu. Amina.