Somo: Nyoka wa Misitu ya Misonobari Mkoani Iringa

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa visiwani wanaofikia Kihesa, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Iringa, kwa masomo au kikazi, huweza kupata safari ya kwenda Mufindi. Huko ndiko liliko Shamba la Miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini Tanzania. Inafaa, kwa hiyo, mgeni aelewe habari za nyoka wa misitu hiyo kabla ya kuingia humo.

Msonobari uliopandwa kwa wingi huko, ambao wenyeji huuita mpaini, asili yake ni Mexico. Majani yake membamba huanguka na kufunika ardhi, na kivuli chake huzuia mimea mingine kuota. Kwa sababu hiyo panya na vyura hupungua katikati ya msitu, na nyoka nao hupungua. Hatari iko zaidi pembezoni, mahindi yanapopakana na miti, penye vichuguu na marundo ya matawi makavu. Hapo ndipo wanapopita waokota kuni.

Wa kuchunga kwanza ni kifutu, ambaye watu wa pwani humwita bafe au moma. Ni mfupi na mnene, na rangi yake hufanana na majani makavu. Asikiapo nyayo hakimbii, bali hutulia palepale mpaka akanyagwe. Swila naye hutema sumu akilenga macho.

Aidha, si kila nyoka ni wa kuuawa. Katika milima ya Udzungwa na Ukinga yumo nyoka mdogo wa jamii ya kifutu, ambaye chakula chake ni nyungunyungu na konokono wasio na magamba. Hapatikani mahali pengine popote duniani.

Mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Kuvaa viatu vya kufunika miguu, na kutumia taa usiku.

2. Kugeuza kuni kwa fimbo kabla ya kuzishika kwa mkono.

3. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

4. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala kufungwa kamba ya kukaza. Sumu ya kifutu huozesha nyama, na kamba huzidisha madhara hayo.

5. Macho yaliyotemewa sumu yaoshwe kwa maji mengi safi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Wengi wa wanaoathirika ni wakulima na watoto wa vijijini, na saa zinazopotea nyumbani kwa kutafuta dawa za kienyeji ndizo zinazogharimu mkono, mguu au maisha. Kila mmoja anaombwa kumfahamisha mwenzake.