Miwani ya kutazamia jua likipatwa

*Daktari, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Mwanangu wa gredi ya sita ameletewa miwani ya karatasi. Muuzaji anaapa ni salama. Nitajuaje? Babu yake anasema filamu ya eksirei inatosha. — Mama Z., Mombasa*

Mama Z., umefanya vyema kuuliza mapema. Jua huunguza retina bila maumivu yoyote: mtoto ataendelea kutazama, na ukungu utamjia saa kadhaa baadaye. Filamu ya eksirei na miwani ya kawaida ya jua, hata ukivaa mbili, hupunguza mng'ao huku miale isiyoonekana ikipita. Babu mwelezeni kwa upole, lakini msikubali.

Kwenye miwani hiyo ya karatasi, tafuta maandishi ya kiwango cha usalama, ISO 12312-2, na jina la mtengenezaji. Ila mtu yeyote aweza kuyachapa maandishi hayo, kwa hiyo mvalishe ndani ya nyumba: asione kitu, isipokuwa labda mwanga hafifu wa taa kali. Akiona viti na meza, itupe. Kagua pia matundu na mikwaruzo. Mombasa jua halitafunikwa lote, basi asiivue hata kidogo akiwa anatazama, wala asiivae na kuchungulia kwa darubini. Akiona doa jeusi katikati, mpeleke kliniki ya macho siku hiyo hiyo.